Mashahidi wa Kando: Tuliyoyapitia Kutafuta Haki Malindi

Ninaandika haya kwa idhini ya binti wa kaka yangu, ambaye nilimsomea kila aya, na pale alipotaka kitu kiondolewe nilikiondoa bila kumuuliza sababu. Yeye ni mtu mzima, ana kazi yake hapa Malindi, Kenya, na kesi ya ubakaji iliyomhusu imeshaamuliwa katika mahakama ya kwanza. Mtaa na baadhi ya mambo ya pembeni nimeyabadilisha ili asitambulike. Tukio lenyewe sitalisimulia, kwa kuwa ni lake, na inatosha kusema kwamba alikuwa akitoka kwenye mkesha wa harusi, akapewa lifti na mtu anayejulikana na kuheshimika nyumbani kwetu. Ninachotaka kueleza ni yaliyofuata, hasa jambo ambalo sikulisikia likisemwa popote kabla halijatufika: kwamba kesi ya namna hii husimama au kuanguka kwa watu wa kando, wale walioona kipande kidogo tu bila kujua kuwa ni ushahidi.

Alifika kwangu kabla ya adhana ya alfajiri, kiatu kimoja mguuni, na neno lake la kwanza lilikuwa, “Shangazi, nataka kuoga nisali.” Aliyelelewa kwetu anaielewa haja hiyo ya kujitwahirisha, na kumzuia kulikuwa kugumu kuliko yote niliyoyafanya baadaye. Nilimwambia kwamba swala italipwa, lakini kilichomo mwilini mwake kikishaoshwa hakirudi. Nililijua hilo kwa sababu tu niliwahi kuhudhuria mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii. Wifi yangu, yaani mama yake, alipofika alikuwa na huruma nyingi na beseni la maji ya sabuni, na gauni lilikuwa limebakisha kidogo tu kuzama. Nguo zote alizovaa usiku ule tulizitia katika mifuko ya kaki, ile ya karatasi inayouzwa duka lolote la mtaani, kila nguo mfuko wake, kwa maana nguo ikifungiwa ndani ya nailoni huingia unyevu, ikaota ukungu, na Mkemia wa Serikali asipate la kupima.

Aliyekwisha kuoga asikate tamaa, kwani kuoga hakuifuti kesi, na hata hivyo hospitali haiendewi kwa ajili ya ushahidi peke yake. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa za kuzuia mimba zina nafasi ya hadi saa 120. Watu wengi hudhani ni lazima kuanza kituo cha polisi ili upewe barua ya kwenda hospitali. Si lazima, na sisi tulianza hospitali. Humo hujazwa fomu inayoitwa PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, ambamo daktari au muuguzi huandika alichokiona na sampuli alizochukua, na nakala yake moja ni ya aliyedhulumiwa mwenyewe. Idai nakala hiyo kabla hujatoka, kisha uitoe kivuli. Fomu ya P3, yaani ripoti ya uchunguzi wa kitabibu inayopelekwa mahakamani, hutolewa na polisi, daktari akaijaza baadaye, na kwa kuwa daktari wa kuijaza P3 huenda asiwe yule aliyemwona mgonjwa asubuhi ile, PRC ndiyo atakayoitegemea.

Kuhusu gharama nitasema wazi. Sheria inasema matibabu ya mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono ni bure katika hospitali ya umma, na P3 haiuzwi. Sisi tuliombwa shilingi 1,500 za kujaza P3, na ombi hilo likatolewa kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ni bei ya kadi. Nilipoomba risiti yenye maelezo ya malipo hayo, nikaambiwa nisubiri, na nilipoitwa tena fomu ilikuwa imejazwa bila malipo. Sisemi kila mahali itakuwa hivyo. Kilichotugharimu hasa ni nauli, muda wa maongezi, siku za kazi alizopoteza yeye na nilizopoteza mimi, na chakula cha lishe katika zile siku 28 za dawa, ambazo zilimchafua tumbo hata akataka kuziacha katikati. Kama una jamaa anayezinywa, kaa naye wakati wa dozi na usimwachie simu pekee imkumbushe.

Kituoni tulipokewa katika dawati la jinsia na afisa wa kike aliyesikiliza vizuri, baada ya afisa mwingine pale mapokezi kuuliza kwa sauti, mbele ya watu, alikuwa wapi saa hizo za usiku. Usitoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na usilitie sahihi andiko la maelezo yako kabla hujalisoma au kusomewa polepole. Katika maelezo ya kwanza palikuwa pameandikwa kwamba “aliingia nyumbani” kwa mshtakiwa, mahali ambapo yeye alisema “aliingizwa”. Herufi chache hizo zingempa wakili wa utetezi asubuhi nzima ya maswali. Afisa alisahihisha bila ubishi, kwani halikuwa kusudi lake. Alikuwa anaandika haraka, na foleni ilikuwa ndefu.

Upinzani mkubwa zaidi ulitoka nyumbani. Kaka yangu ni mtu mpole, asiyependa jina lake litajwe barazani, na wiki ileile wazee walikuja sebuleni kwake wakitaka mambo yaishe kwa maslaha, yaani kwa suluhu ya wazee nje ya mahakama. Walikunywa kahawa, wakazungumza vizuri, wakataja fedha na ahadi kwamba yule mtu atahama mtaa. Mzee mmoja akasema kwamba bila mashahidi wanne hakuna neno. Aliyemjibu hakuwa mimi, maana mimi ningepandisha sauti, bali rafiki wa kaka yangu anayefundisha madrasa, aliyesema kwa utaratibu kwamba sharti la mashahidi wanne ni la yule anayemtuhumu mwenzake zinaa, wala si la mwanamke anayelia kwamba amelazimishwa. Chumba kilinyamaza. Tangu hapo kaka yangu hakurudi nyuma tena, na ninashukuru kuwa maneno hayo yalitoka kwa mtu ambaye wazee wenyewe wanasali nyuma yake.

Walio katika hali kama hiyo wajue kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinaondoa uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa familia na hata mwa polisi. Siku hizi mamlaka hayo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Karatasi ya makubaliano iliyotiwa saini sebuleni haimfungui mtu. Mahakama ya Kadhi nayo, ambayo wengine walitaka kuipelekea shauri hili, ina mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu, na haihukumu jinai. Kumwambia mzee “jambo hili halimo mikononi mwetu tena” kulikuwa rahisi kuliko kumwambia “hatutaki maslaha yako”, na zaidi ya hayo lilikuwa kweli.

Sasa nije kwa watu wa kando. Kisheria, katika kesi za kingono hakimu anaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, mradi aandike sababu za kumwamini; hilo limo katika kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi. Watu husikia hayo wakastarehe. Lakini kuaminiwa hakuji hivihivi. Yule mtu alisema kwanza kwamba usiku ule hakuwako kabisa, na baadaye, alipoona mambo yamembana, akasema walikubaliana. Maelezo ya aina hii hayavunjwi na machozi. Yalivunjwa na daftari la lango na karai la mahamri.

Daftari lilikuwa la askari wa usiku wa zile nyumba za kupanga, kijana ambaye kazi yake ni kuandika nambari ya gari linaloingia na saa yake. Lilikuwa limejaa, na madaftari yaliyojaa pale huenda kufungia karanga. Tulimwambia afisa mpelelezi siku tuliyolisikia, naye akalichukua kama kielelezo kwa utaratibu wake. Ingawa tulitamani, hatukuligusa, kwa sababu kitu kilichopitia mikono ya jamaa wa mlalamikaji hupoteza heshima yake kortini. Picha za kamera ya duka lililo njiani hatukuzipata: mtambo ulikuwa umeshazifuta zenyewe kabla mtu hajaenda kuziomba. Kwa hiyo nikikutana na familia iliyo katika siku za kwanza, baada ya hospitali ninachowauliza ni kama wamemtajia mpelelezi, kwa maandishi, kila kamera, kila lango na kila mtu aliyekuwa macho njiani usiku ule.

Bi anayekaanga mahamri barabarani alikuwa amemwona binti yetu akipita, akamsalimu, na salamu yake ikakosa jibu. Nilipomwendea aliendelea kukanda, akasema, “Mwanangu, nikienda kortini siku moja, unga wangu umeshaumuka, nani ataukaanga?” Hakuwa anadharau. Wateja wake wengine ni jamaa wa mshtakiwa, na yeye anaishi kwa senti za asubuhi. Sikumsukuma. Nilichofanya ni kumpa afisa jina lake, kisha nikamwachia nafasi ya kufikiri, na baadaye nikamweleza kwamba hatakiwi kusema zaidi ya alichokiona. Fedha hatukumpa, ila nauli ya kwenda na kurudi, na hata hiyo mwendesha mashtaka alijua, kwa kuwa swali la “umelipwa kiasi gani?” lilikuja kweli, naye akalijibu bila kuyumba.

Siku yake ilipowadia, wakili wa utetezi alimuuliza kama alitazama saa. “Sikutazama saa,” akasema. “Nilikuwa na karai la kwanza, na karai la kwanza hutoka kabla ya adhana, la sivyo wavuvi wanakwenda baharini na njaa.” Akaeleza kiatu kimoja, leso iliyoshikwa kwa mkono chini ya kidevu, na salamu isiyojibiwa na msichana ambaye siku zote hujibu. Hakusema kwamba alibakwa, maana hakuona. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Nimeruka mbele. Kabla ya hapo kulikuwa na kuahirishwa kwingi. Mshtakiwa aliachiliwa kwa dhamana, na mtaa mzima ukatafsiri kwamba ameshinda, ilhali dhamana ni haki ya kikatiba ya kila mshtakiwa na haisemi lolote juu ya hatia yake. Lililo muhimu ni masharti ya dhamana: akimpigia simu shahidi au akimtuma mtu, mwambie mwendesha mashtaka siku hiyohiyo ukiwa na tarehe na nambari iliyopiga. Daktari aliyejaza P3 alihamishwa, ikabidi mwenzake anayeujua mwandiko wake aje kuiwasilisha. Kisha hakimu naye akahamishwa, na sheria inampa mshtakiwa nafasi ya kuomba mashahidi waitwe upya. Binti yetu alikuwa ameshatoa ushahidi wake. Usiku tuliongojea kujua kama atasimama tena kizimbani hatukulala, na upande wa utetezi ulipokubali kesi iendelee pale ilipofikia, alikwenda msalani akatapika. Shanzu, kule Mombasa, ilipata mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia mwaka 2022. Yetu ilikwenda katika foleni ya kawaida pamoja na kesi za wizi na za mipaka ya mashamba.

Ni katika kipindi hicho cha kuahirishwa ambapo binti wa dada yangu alituletea kwenye kompyuta dokumentari ya Shiori Ito, mwandishi wa habari wa Japani aliyeigeuza kesi yake mwenyewe kuwa filamu. Nilisita, nikidhani itamtonesha. Yeye akasema anataka kuona mtu aliyetangulia. Tuliitazama kwa vipande, mpwa wangu akitufasiria maandishi ya chini.

Ito aliripoti polisi mwaka 2015 kwamba amebakwa, akimtaja mtu mashuhuri katika fani yao ya utangazaji. Polisi walikuwa wamepata hati ya kumkamata, nayo ikasimamishwa dakika za mwisho. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wakaifunga kesi kwa madai kwamba ushahidi hautoshi. Mwaka 2017 akajitokeza hadharani kwa uso wake, jambo lililomletea matusi mengi, akafungua kesi ya madai, na Desemba 2019 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yeni milioni 3.3. Mtu yule alikana siku zote, akisema waliridhiana. Kilichotushika sisi wawili hakikuwa jina wala cheo cha mtu. Kilikuwa dereva wa teksi aliyekumbuka kwamba abiria wake aliomba kushushwa stesheni, na bawabu wa hoteli aliyeamua kuja kusema alichokiona mlangoni. Binti yetu alisimamisha picha pale kwa bawabu, akasema, “Shangazi, huyo si Bi wa mahamri?” Tangu usiku ule aliacha kuona haya kwamba watu walimwona katika hali ile.

Kulikuwa na tofauti pia, na kwa mara moja tulijiona tuna nafuu. Wakati huo sheria ya Japani, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1907, ilitaka kuthibitishwa nguvu au vitisho, na ni katika mageuzi ya mwaka 2023 ndipo ukosefu wa ridhaa ulipowekwa kuwa msingi wa kosa, na umri wa kuridhia ukapandishwa kutoka miaka 13 hadi 16. Sheria yetu ya mwaka 2006 inauliza ridhaa moja kwa moja, na inasema kwamba aliyelala, aliyezimia au aliyeleweshwa hana ridhaa ya kutoa. Sheria njema tunayo. Tunachokosa mara nyingi ni mtu wa kuikumbusha chumbani.

Mfano ni maswali ya wakili. Alianza kumuuliza binti yetu kuhusu mchumba wake wa zamani, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyemzuia. Kifungu cha 34 cha sheria hiyo ya mwaka 2006 kinakataza kuingiza historia ya mahusiano ya mlalamikaji bila ruhusa ya mahakama, na mwendesha mashtaka alipoinuka kulisema hilo, maswali yakakatwa. Tulikuwa tumemwomba mapema pia amwombee binti yetu ahesabiwe kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, ili atoe ushahidi bila kutazamana na mshtakiwa na bila watu wa barazani kujazana nyuma. Mambo haya huombwa. Mahakama haiyaleti yenyewe. Asiyejua pa kuanzia apige 1195, simu ya bure, aelekezwe. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inamruhusu mlalamikaji kuwa na wakili wake wa kufuatilia kesi, na yapo mashirika yanayotoa wakili huyo bila malipo, likiwemo FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ambalo lina ofisi Mombasa.

Mtu yule alitiwa hatiani. Kwa ubakaji adhabu ya sheria yetu huanzia miaka 10. Hukumu iliposomwa, wifi yangu alipiga kigelegele akanyamazishwa na askari, na binti yetu aliuliza tu kama anaweza kurudi kazini mchana ule. Siku 14 za kukata rufaa zilikuwa hazijaisha mshtakiwa alipopeleka karatasi Mahakama Kuu, na rufaa hiyo haijasikilizwa. Mtu ajiandae kwa hilo pia, maana aliyedhani hukumu ndiyo mwisho atavunjika moyo vibaya. Jalada letu la vivuli bado liko juu ya kabati.

Hivi karibuni vijana wanaotengeneza filamu walimwendea binti yetu wakitaka kuisimulia hadithi yake. Hakukataa. Aliwaeleza kwamba alifuatilia mambo ya Ito hata baada ya kuitazama filamu ile, na kwamba mwaka 2024 waliokuwa mawakili wake walilalamika hadharani kwa sababu picha za kamera ya hoteli, zilizotolewa kwa matumizi ya mahakama, zilitumika ndani yake. Kwa hiyo ameweka masharti yake kwa maandishi: rufaa iishe kwanza, uso na sauti yake vifichwe, aione kazi nzima kabla haijatoka, na Bi wa mahamri pamoja na yule askari waulizwe wao wenyewe, si kupitia kwake, na wakikataa wasitajwe hata kwa kuashiriwa. Vijana wamekubali yote isipokuwa hilo la mwisho, wakisema bila watu hao wawili hakuna hadithi. Amewajibu kwamba hilo analijua kuliko wao, na mazungumzo yamesimama hapo.